Maji Salama na Vyoo kwa Familia Zilizohamishwa na Tetemeko: Mwongozo kwa Mitaa ya Mombasa

Wakazi wa Mombasa hawajazoea kuhesabu tetemeko la ardhi miongoni mwa misiba yao. Mafuriko ya masika na ukosefu wa maji mferejini ndivyo wanavyovijua. Hata hivyo, usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, tetemeko la kipimo cha 6.0 lililotokea chini ya Bahari ya Hindi, upande wa mashariki wa Dar es Salaam, lilihisika hadi hapa, na kabla yake, tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la kipimo cha 5.9 lilibomoa nyumba nyingi Bukoba na kuzilaza familia nje. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wazee wa mitaa, walimu, kamati za misikiti na makanisa, vijana wa kujitolea, na yeyote ambaye siku hiyo ikifika atajikuta amekabidhiwa kiwanja chenye mamia ya watu wasio na mfereji wala choo.

Watu wema wanapofika penye msiba hukimbilia kuleta maji, na kwa kuwa boza, yaani lori la maji, likifika hupigwa picha, vyoo huachwa vifuate baadaye. Utaratibu huo unafaa kugeuzwa, kwa sababu maji yanayoletwa kwenye kiwanja kilichosambaa kinyesi huchafuka kabla hayajafika kinywani. Haiti ilitikiswa tarehe 12 Januari 2010, lakini kipindupindu kilizuka Oktoba ya mwaka huo, wala hakikutokana na vifusi au na maiti za waliofukiwa. Kilitokana na taka za choo za kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa zilizoingia katika kijito kinachomwaga maji yake kwenye mto Artibonite. Watu wanaokaribia 10,000 walikufa katika miaka iliyofuata. Kwa hiyo, katika hatua zinazofuata, kila uamuzi kuhusu maji umefungamanishwa na uamuzi kuhusu choo.

Hatua ya kwanza: kuchagua kiwanja na kuchora ramani yake

Baada ya mtikisiko mkubwa, ufuo si mahali pa kukimbilia, hata kama una nafasi na upepo mzuri. Mawimbi ya tarehe 26 Desemba 2004, yaliyoanzia karibu na Sumatra, yalifika mpaka pwani ya Kenya, na tetemeko la karibu zaidi halitatoa saa kadhaa za kujitayarisha. Chagueni viwanja vya ndani na vya juu, kama vile vya shule za Changamwe na Mikindani, au, kwa walioko kisiwani, viwanja vya wazi vilivyo mbali na bahari na mbali na maghorofa yenye nyufa, kwa kuwa mitetemeko midogo huendelea kwa siku nyingi na huangusha kuta zilizokwisha kulegea.

Kabla ya kusimamisha turubai hata moja, chukueni karatasi mchore kiwanja na kuamua mahali pa maji, mahali pa kulala na mahali pa vyoo. Kiwanja kikiwa na mteremko, vyoo viwe upande wa chini na maji upande wa juu, na kanuni hii haina mjadala. Kiwanja kikiwa tambarare, upepo ndio utakaoamua. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki na kaskazi kutoka kaskazini-mashariki, hivyo vyoo vikiwekwa upande wa magharibi, harufu haitawaangukia waliolala katika msimu wowote. Choo kisiwe mbali zaidi ya mita 50 kutoka mahema, la sivyo hakitatumika usiku, na kisiwe karibu kuliko mita 30 na kisima chochote.

Hatua ya pili: hesabu za siku ya kwanza

Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada duniani huvifuata, vinataka kila mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku kwa kunywa, kupika na usafi, asitembee zaidi ya mita 500 kuyafuata, na asisimame kwenye foleni zaidi ya nusu saa. Choo kimoja kitoshe watu 50 katika siku za mwanzo, kisha watu 20 mambo yakitulia, na vyoo vya wanawake viwe mara tatu ya vile vya wanaume.

Chukueni mfano wa familia 100 za watu watano watano. Watu 500 wanahitaji lita 7,500 kwa siku. Wanahitaji vyoo 10 mara moja na vyoo 25 baadaye, ambapo 19 ni vya wanawake na watoto na 6 ni vya wanaume. Kwa upande wa mifereji, kiwango kinasema mfereji mmoja kwa watu 250, yaani miwili. Lakini mfereji unaotoa lita 7.5 kwa dakika hujaza mtungi wa lita 20 kwa dakika karibu tatu, na mifereji miwili ingemaliza kazi hiyo kwa zaidi ya saa nane. Ushauri wa mwongozo huu ni kuweka minne, kwa kuwa gharama ya mfereji ni ndogo ikilinganishwa na ugomvi wa foleni na siku nzima ya mama au mtoto aliyesimama juani.

Kwa watu wanaochamba kwa maji, ambao hapa kwetu ndio wengi, ongezeni lita moja au mbili kwa kila mtu kwa siku. Hesabu zilizonakiliwa kutoka nchi zinazotumia karatasi huyasahau maji haya, na matokeo yake ni kopo tupu mlangoni mwa choo.

Hatua ya tatu: usiku wa kwanza

Usiku wa kwanza hakuna choo, lakini haja haisubiri. Tengeni ukanda mmoja upande uliopangwa kwa vyoo, uzungushiwe turubai au magunia, wanaume mbali na wanawake, na ndani yake mchimbe mitaro yenye upana wa sentimita 30 na kina cha sentimita 15 au zaidi. Udongo uliochimbwa uachwe kando pamoja na jembe, ili kila mtu afukie baada ya kumaliza. Mtu mzima mwenye tochi akae karibu na lango usiku kucha, na kwa upande wa wanawake awe mwanamke. Mitaro hii ni ya siku mbili tatu tu. Ikidumu zaidi, nzi watawashinda.

Hatua ya nne: vyoo juu ya mwamba wa matumbawe

Hapa ndipo vitabu vya kigeni visipotutosha. Kisiwa cha Mombasa na ukanda wa karibu na bahari umekaa juu ya mwamba wa matumbawe wenye matundu na nyufa, na shimo lililochimbwa humo kwa taabu hupitisha maji machafu upesi hadi kwenye visima vya jirani. Umbali wa mita 30 unatosha penye udongo unaochuja. Penye mwamba wenye nyufa hautoi hakikisho lolote, na tetemeko linaweza kuwa limezipanua nyufa hizo. Aidha, chini ya shimo panapaswa kubaki angalau mita moja na nusu juu ya maji ya ardhini, jambo ambalo karibu na bahari mara nyingi haliwezekani. Kule Changamwe na Mikindani, ambako chini kuna mawe ya mfinyanzi na mchanga, choo cha shimo cha kawaida kinafaa zaidi, ilimradi kuta zake zishikizwe zisiporomoke.

Penye mwamba, jengeni choo kilichoinuliwa. Tangi la plastiki la lita 1,000 huwekwa chini, hufungwa ndani ya jukwaa la mawe au boriti, juu yake hulazwa sakafu yenye tundu na nyayo, kisha kuta za mabati, makuti au turubai lisilopitisha mwanga. Choo cha watu 20, kila mmoja akiingiza takriban lita tatu kwa siku pamoja na maji ya kuchambia, hupokea lita 60 kila siku, na tangi hilo litajaa baada ya siku 16 hivi. Maana yake ni kwamba makubaliano na lori la kunyonya taka yafanywe kabla choo hakijafunguliwa, lipewe njia ya kuingia kiwanjani, na taka zipelekwe mahali palipoidhinishwa na kaunti. Kumwaga taka hizo baharini au mikokoni ni kuihamishia hatari mitaa mingine. Msitie klorini ndani ya tangi au shimo kwa nia ya kuua harufu. Kinyesi huimaliza nguvu mara moja. Majivu hufaa zaidi na hayagharimu kitu.

Mpango wa ndani ya choo unahitaji fikra kuliko ujenzi wake. Kutoka Mombasa, Kibla kiko karibu kaskazini kamili. Sakafu ikiwekwa ili mtu achutame akitazama mashariki au magharibi, Waislamu hawatakuwa na kizuizi, na kuigeuza baadaye ni kazi kubwa kuliko kuuliza mapema. Kila mlango uwe na komeo la ndani. Taa ya jua iwekwe njiani na si chooni peke yake, kwa sababu mwanamke huogopa zaidi kile kilicho kati ya hema lake na choo. Kwa kuwa choo kilichoinuliwa kina ngazi, vyoo viwili au vitatu vijengwe kwa mtelemko wa ubao wenye kishikio, na ndani yake kuwe na kiti chenye tundu kwa ajili ya wazee, wajawazito na wenye ulemavu. Watoto wadogo hawaingii vyoo virefu vyenye giza. Wapewe poti, na mama aelezwe kwamba kinyesi cha mtoto mchanga si kisafi kuliko cha mtu mzima na hutupwa chooni vilevile. Katika vyoo vya wanawake kuwe na pipa lenye kifuniko la sodo zilizotumika, na kando yake pawe na bafu la faragha la kufulia vitambaa, lenye kamba ya kuanikia ndani, isiyoonekana.

Kuhusu usafi, gawanyeni vyoo kwa familia badala ya kuviacha vya wote. Familia nne zikikabidhiwa choo kimoja na ufunguo wake, zitakifagia. Choo cha kila mtu hulazimu mlipe wasafishaji, na mkiwalipa wapeni glavu, buti na sabuni pamoja na ujira.

Hatua ya tano: kutafuta maji

Mombasa haina mto wake. Maji ya mfereji hutoka mbali: chemchemi za Mzima katika Tsavo Magharibi, ambazo bomba lake la zaidi ya kilomita 200 lilikamilika mwaka 1957, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, Marere katika milima ya Shimba, na visima vya Tiwi. Tetemeko likikata bomba moja kubwa, sehemu ya mji hukauka hata kama hakuna jengo lililoanguka. Kwa sababu hiyo, maji yaliyo tayari ndani ya matangi ya ghorofani, ya misikiti, ya shule na ya mahoteli ndiyo akiba ya siku mbili za mwanzo, na wazee wa mtaa wanapaswa kuyaorodhesha mapema, pamoja na majina ya wenye funguo.

Visima vya mtaani vingi vina maji ya chumvi, navyo visidharauliwe. Maji hayo yanafaa kufulia, kuoshea vyoo na kuogea, hivyo maji matamu ya boza yakabaki kwa kunywa na kupikia. Kuyachemsha hakuondoi chumvi. Wekeni alama bayana, kwa mfano mitungi ya manjano kwa maji matamu na ya rangi nyingine kwa maji ya kisima, kwa sababu mtoto mwenye kiu hasomi maandishi. Kisima kilichobadilika rangi au harufu baada ya tetemeko kifungwe mpaka kichunguzwe.

Kabla ya kupokea boza, ulizeni lilibeba nini mara ya mwisho. Lililobeba mafuta au dawa likataliwe, hata likija bure. Lililobeba maji lioshwe, lijazwe, kisha litiwe klorini ya kiwango cha miligramu 50 kwa lita, ambayo ni gramu 75 hivi za unga wa HTH (klorini kali ya unga) kwa kila lita 1,000, likae saa 24, ndipo maji hayo yamwagwe mbali na bahari na bustani. Mwenye boza asiyekubali kupoteza siku hiyo asipewe kazi.

Hatua ya sita: kutibu maji

Maji ya matope hayatibiki kwa klorini peke yake, kwa sababu matope huila dawa na kuvificha vijidudu. Kama chini ya ndoo nyeupe haionekani vizuri, anzeni kwa shabu, ileile inayouzwa masokoni. Chukueni ndoo tatu za lita 20, mtie gramu moja ya shabu iliyosagwa na kuyeyushwa katika ndoo ya kwanza, mbili katika ya pili na tatu katika ya tatu. Korogeni kwa nguvu kwa dakika moja, kisha polepole kwa dakika kadhaa, mziache zitulie. Kipimo kidogo kilichotakasa maji ndicho kitakachotumika kwenye tangi, nayo maji ya juu huchotwa bila kutibua mashapo.

Kisha klorini. Tengenezeni mchanganyiko wa asilimia moja kwa kutia gramu 15 za unga wa HTH wa asilimia 65 hadi 70 katika lita moja ya maji. Unga hutiwa katika maji, wala si maji katika unga. Kazi hii hufanywa mahali penye hewa, kwa glavu, kwa chombo cha plastiki, na unga huo usiwekwe karibu na mafuta, petroli au asidi. Jazeni ndoo nne za lita 20 kwa maji mnayotaka kuyatibu, na kwa bomba la sindano mtie mililita 1 ya mchanganyiko katika ya kwanza, 1.5 katika ya pili, 2 katika ya tatu na 2.5 katika ya nne. Ngojeni dakika 30, mpime klorini iliyobaki, na mchague ndoo yenye takriban miligramu 0.5 kwa lita. Ikiwa ni ile ya mililita 2, basi tangi la lita 1,000 litahitaji mililita 100, na boza la lita 10,000 litahitaji lita moja. Jaribio hili hurudiwa kila chanzo kinapobadilika, na pia baada ya mvua kubwa.

Kipimo cha klorini hakihitaji kuagizwa kutoka mbali. Mahoteli ya ufuoni, Nyali na Bamburi, hupimia mabwawa yao ya kuogelea kwa kisanduku chenye vidonge vya DPD vinavyoyageuza maji kuwa ya waridi, na kisanduku hicho hufaa kabisa kwa kazi hii, mradi kitumike kidonge namba 1. Klorini yao, hata hivyo, ichunguzwe lebo: ile iliyochanganywa na kiimarishi cha bwawa (kemikali ya kuifanya klorini idumu juani) isitumike kwa maji ya kunywa ya kambi.

Familia iliyo mbali na tangi inaweza kutumia kidonge cha klorini cha miligramu 67 kwa mtungi wa lita 20 wa maji maangavu, ikangoja nusu saa, au kuchemsha maji mpaka yatokote kwa dakika moja. Kuchemsha ni njia nzuri kiafya lakini ghali: mkaa hupanda bei siku za msiba, na moto kati ya maturubai huzaa ajali.

Hatua ya saba: kutoka mferejini hadi kikombeni

Maji yaliyopimwa kwenye tangi yakaonekana salama yanaweza kuwa hatari jioni yake, ndani ya hema. Kila familia ipewe vyombo viwili vya lita 10 hadi 20, kimoja cha kuchotea na kimoja cha kuhifadhia, vyenye mdomo mwembamba au kifuniko na kikombe cha mpini mrefu, ili mkono usiingie. Kila siku mjitoleaji aingie katika mahema kadhaa, bila kuchagua yaleyale, apime maji ya kikombeni. Klorini ikiwa chini ya miligramu 0.2 kwa lita, tatizo litafutwe katika mitungi michafu, katika muda wa kuhifadhi, au katika kipimo cha tangi, na kipimo kiongezwe kidogo endapo watu bado wataweza kuvumilia ladha. Wakilalamika kuwa maji yananuka dawa, wasikemewe. Watarudi kisimani wakinyamaza.

Vyombo hivyo vifunikwe kwa sababu nyingine pia. Mbu anayeeneza denge na chikungunya, ambayo ililipuka Mombasa mwishoni mwa 2017 na mwaka 2018, huzaliana katika maji safi yaliyotulia, na kambi yenye mamia ya ndoo wazi humpa makazi tele. Chini ya kila mfereji pawe na sakafu ya kokoto na shimo la kufyonzea, pasituame dimbwi.

Sabuni ni gramu 250 za kuogea na gramu 200 za kufulia kwa kila mtu kwa mwezi. Karibu na kila kundi la vyoo, na mahali pa kupikia, tundikeni kibuyu chirizi cha mtungi mdogo unaoinamishwa kwa mguu, pamoja na sabuni iliyofungwa kamba, na mteue mtu wa kukijaza. Kibuyu kikikauka siku mbili, watu hawakumbuki tena kukitazama.

Hatua ya nane: kuharisha kukianza

Mtu mmoja aandike kila siku idadi ya wanaoharisha, kwa umri na kwa safu ya mahema. Mtu mzima akiharisha maji meupe kama ya mchele na kuishiwa nguvu, kituo cha afya kiarifiwe saa hiyo hiyo, bila kungoja wa pili. Wakati huo huo mgonjwa aanze kunywa maji ya ORS, yaani pakiti ya dukani ya chumvi na sukari kwa ajili ya kuharisha, au, yasipopatikana, lita moja ya maji salama yenye vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa. Mama anayenyonyesha aendelee kunyonyesha. Rekodi hiyo ya safu za mahema ndiyo itakayoonyesha kama chanzo ni choo fulani, mfereji fulani au mchuuzi fulani.

Hatua ya tisa: kufunga

Shimo la choo hufungwa linapobakiza nusu mita kujaa, hufukiwa kwa udongo ulioshindiliwa na kuinuliwa kidogo ili mvua isituame. Matangi ya vyoo vilivyoinuliwa hunyonywa, huoshwa, na hutiwa alama isiyofutika ili yasije yakauzwa kama ya maji. Ramani ile ya siku ya kwanza, ikiwa imeongezewa kila mtaro na kila shimo lililochimbwa, inakiliwe mara tatu: nakala moja kwa mwenye kiwanja au mwalimu mkuu, moja kwa mzee wa mtaa, na moja kwa ofisi ya afya ya umma ya kaunti, ili atakayetaka kuchimba kisima mahali hapo ajue pa kuepuka.